Niandike na Mimi: Mwanamke wa Peke Yake Yuko Orodha Gani?

Mwezi wa Mei mwaka 2024 nilikuwa safarini kwenda Kisumu kwa shughuli ya kifamilia. Ukitokea Nairobi, zikiwa zimebaki kilomita 20 na kitu kufika mjini, unaingia Ahero, pale njia inapogawanyika: moja inanyoosha Kisumu, nyingine inakata kushoto kwenda Kisii. Wengi wetu wa Pwani tunaujua mchele wa Mwea; huu wa Ahero tunausikia tu. Siku ile hata huo mpunga haukuonekana. Kilichoonekana ni maji, na juu ya maji paa za mabati moja moja.

Mwenyeji wangu alinipeleka katika shule moja ambako watu walikuwa wamehamia. Madarasa yalikuwa yamejaa, madawati yamepangwa ukutani kuwa vitanda, na uwanjani kulikuwa na maturubai. Nilikuwa na daftari mkononi, tabia ya kazi hii yetu. Sikufika mbali kabla mama mmoja wa makamo, umri wa miaka hamsini na kitu, hajanijia na kuniambia, "Dada, na mimi uniandike."

Nikamwambia, "Mama, mimi si wa serikali wala wa shirika. Ni mwandishi tu, nimetoka Mombasa."

Akanitazama kidogo, akasema, "Basi hata wewe huna orodha yangu."

Maneno yale nimerudi nayo mpaka Mombasa na sijayasahau. Mama yule ni mjane. Binti yake mmoja ameolewa mbali. Nyumba yake ya udongo ilianguka usiku wa kwanza wa mafuriko. Pale shuleni walioandika majina waliandika kwa kaya: jina la mwenye nyumba, idadi ya watoto, basi. Yeye akawekwa chini ya jina la shemeji yake. Blanketi, chandarua, sabuni na unga vikapita mikononi mwa shemeji, na shemeji mwenyewe ana wake wawili na watoto saba. Simlaumu shemeji. Mgao wa kaya moja haukupimwa kwa watu kumi na mmoja. Ninachouliza ni hiki: mwanamke asiye na mume, asiye na mtoto mdogo, na asiye na nyumba, katika nchi hii yuko orodha gani?

Maji si mageni Ahero

Mto Nyando unashuka kutoka milima ya Nandi na Kericho na kuingia Ziwa Victoria kupitia nyanda za Kano, ardhi tambarare kama sinia. Ukija na mvua kubwa unabeba udongo wa milimani na kuumwaga huku chini, kina chake kinapungua mwaka hadi mwaka, na maji yanatafuta njia nyingine. Mradi wa mpunga wa Ahero ulianza mwaka 1969 kwa sababu ya tabia hiyo hiyo ya ardhi: panapokaa maji panafaa mpunga. Panapofaa mpunga ndipo panapozama nyumba.

Kwa hiyo mafuriko ya Kano si habari ya ghafla. Mwaka 2020 yalikuja, na mwaka huo huo ziwa lenyewe lilipanda hadi kupita kiwango cha mwaka 1964 ambacho wazee walikuwa bado wanakisimulia. Mwaka 2024 yakaja tena, katika msimu ulioua watu karibu 300 nchini Kenya na kuwahamisha wengine kwa malaki. Bwawa la Soin-Koru, lililokusudiwa kuuzuia Nyando huko juu, limezungumzwa na serikali moja baada ya nyingine. Ombaka na Ogenya ni majina tunayoyasikia redioni kila masika. Kila mara watu wanakimbilia shule na makanisa, wanakaa wiki au miezi, kisha wanaambiwa maji yamepungua, rudini makwenu.

Hapo ndipo safari ya mama yule inapotofautiana na ya wenzake. Aliye na mume na watoto wakubwa anarudi, anakata miti, anakanda udongo, nyumba inasimama. Mjane anarudi wapi? Kwa mila ya Waluo, nyumba mpya ya mjane haikuwa jambo la kusimamishwa na mwenyewe. Mwanamume wa ukoo ndiye wa kushika nguzo ya kwanza, na mara nyingi hilo lilikwenda pamoja na *tero*, yaani mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu. Siku hizi wako wazee waliolegeza, na yako makanisa yanayowajengea wajane bila masharti hayo. Lakini asiyepata mzee wa kumwelewa wala kanisa la kumjengea ana mawili tu: akubali kurithiwa ili apate paa, au akose paa. Shirika la Human Rights Watch liliandika juu ya jambo hili tangu mwaka 2003, katika ripoti yake kuhusu haki za mali za wanawake wa Kenya. Mafuriko hayakumfanya mama yule akose nyumba. Yalifichua tu kwamba nyumba aliyokuwa nayo ilikuwa ya kuazima.

Mahitaji ambayo gunia la unga haliyafikii

Tukizungumza juu ya makao ya muda, mawazo yetu yanakwenda kwenye chakula na maturubai. Ni sawa, mwenye njaa hangoji. Lakini kaa siku moja na wanawake wa kambini, wasikilize wanachonong'onezana, utajua kuna mengine.

La kwanza ni choo. Vipimo vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada duniani yanavitumia, vinasema choo kimoja kisizidi watu 20, vya wanawake viwe mbali na vya wanaume, na mlango ufungwe kwa ndani. Shule ya kijiji ina vyoo vilivyojengwa kwa watoto wa mchana. Usiku mwanamke mwenye mume anasindikizwa na mumewe. Mwenye binti anasindikizwa na binti. Wa peke yake ama anakwenda gizani kwa kudra ya Mungu, ama anajizuia mpaka alfajiri. Anayejizuia hivyo mwezi mzima, na asinywe maji jioni ili asihitaji kutoka, anapata maradhi ya njia ya mkojo, na maradhi hayo hayaingii katika hesabu yoyote ya mafuriko.

La pili ni hedhi. Kenya ilifuta ushuru wa sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ya elimu ikarekebishwa ili msichana aliye shuleni apewe sodo bure. Ni hatua njema, Mungu awalipe walioipigania. Sasa tazama kichekesho chake: mwanamke wa miaka 35 analala ndani ya darasa, kwenye shule ile ile, lakini sodo za shule si zake. Atafua kitambaa wapi, na atakianika wapi, katika uwanja wenye watu mia tano?

La tatu ni dawa za kila siku. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika kaunti ya Kisumu asilimia 17.5 ya watu wazima wanaishi na virusi vya Ukimwi, ilhali wastani wa Kenya ulikuwa asilimia 4.9. Maana yake ni kwamba katika kambi yoyote ya Kano, wengi wamekimbia maji wakaacha vidonge vyao juu ya kabati. Wajane ni wengi miongoni mwao, kwa sababu ugonjwa huu ndio uliowafanya wengine wajane. Vidonge hivi haviruki siku. Ukiviacha ovyo, virusi vinazoea dawa. Mwenye mume anayejua hali yake anaweza kumtuma mumewe kliniki. Wa peke yake akitoka kambini nusu siku, anarudi anakuta nafasi yake ya kulala imechukuliwa na mgao umekwisha. Tena mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, programu za Ukimwi za kaunti za ziwani zilitikisika, na wahudumu waliokuwa wakiwafuata wagonjwa vijijini ndio waliotangulia kukosekana.

Yapo pia maradhi ya shinikizo la damu na sukari, ambayo mama wa miaka hamsini anayo na hana mtoto wa kumkumbusha dawa. Ipo saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi yumo katika hatari yake mara sita zaidi ya asiye navyo, na uchunguzi wake ni wa dakika chache tu. Ipo malaria, na kanda ya ziwa ndiyo inayoongoza nchini. Chandarua cha kaya analala nani ndani yake? Watoto, na ndivyo inavyopasa. Yeye anajifunika leso.

La mwisho ni lile ambalo hatupendi kulitaja. Katika giza la kambi, mwanamke asiye na mtu ndiye anayelengwa. Akifanyiwa ubaya, ana saa 72 za kupata dawa ya kumkinga na virusi, na saa hizo zinaanza kuhesabiwa pale pale. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu inahudumia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Lakini nauli ni ya nani? Nani atakaa naye akingoja? Nani atamwandikisha kituo cha polisi na kumfuatilia fomu ya P3? Mara nyingi jibu ni hakuna mtu, na saa 72 zinapita akiwa ameketi pale pale kwenye turubai la shemeji.

Nchi inayohesabu mama, mtoto na mzee

Nilipokuwa mdogo, bibi yangu alikuwa akisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hebu tutazame haki ya huyu imeandikwa wapi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, ya makao yanayofaa na ya usafi. Inasema wasioweza kujikimu serikali iwape hifadhi ya kijamii. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na miongoni mwa sababu kinazozitaja ni hali ya ndoa. Sheria ya mwaka 2012 inawalinda waliohamishwa ndani ya nchi, wakiwemo waliohamishwa na majanga ya asili. Sheria ya mwaka 2015 ya kukinga dhuluma za nyumbani inamtaka polisi amsaidie mwathiriwa apate matibabu na mahali pa usalama. Na mwaka 2021, kwenye kongamano la usawa wa kizazi lililofanyika Paris, Kenya iliahidi mbele ya ulimwengu kwamba itakomesha dhuluma za kijinsia ifikapo 2026, na kwamba kaunti zote 47 zitakuwa na vituo vya kuwahudumia na kuwahifadhi waathiriwa.

Kwa karatasi, basi, mama yule ni tajiri. Shuka sasa kwenye mipango yenyewe.

Inua Jamii inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Wanaostahili ni wazee wa miaka 70 na zaidi, kaya zenye yatima na watoto walio hatarini, na watu wenye ulemavu mkubwa. Mama wa miaka 52 hajafika uzee wa serikali, hana yatima, na mikono yake ni mizima. Angoje miaka 18.

Bima mpya ya SHA ilianza tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na ajira rasmi analipa asilimia 2.75 ya mapato yake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa kiwango cha chini kabisa hiyo ni shilingi 3,600. Huduma za kawaida kwenye zahanati na vituo vya afya zimekusudiwa ziwe bure, lakini akihitaji kulazwa katika hospitali ya ngazi ya 4 kama ile ya Ahero, lazima awe amelipa. Ili kukadiria anacholipa, anaulizwa maswali juu ya kaya yake: paa ni la nini, ukuta wa nini, choo ni cha aina gani. Anayelala darasani ajibu nini? Akisema paa ni bati na ukuta ni wa mawe, amesema kweli, maana ndivyo ilivyo shule.

Hata hesabu yenyewe ya wasio na makao inamkosa. Sensa ya mwaka 2019 ilipita usiku ikawahesabu waliolala nje, wakafika kama 20,000 nchi nzima, na kaunti yetu ya Mombasa ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza. Wengi walikuwa wanaume. Mtu anaweza kusoma takwimu hiyo akadhani wanawake wasio na makao ni wachache. Si kweli. Mwanamke asiye na nyumba halali barabarani akiweza kuepuka. Analala jikoni kwa dada, sebuleni kwa kaka, chumbani kwa bwana asiyempenda, au katika turubai la shemeji. Usiku wa sensa anahesabiwa kuwa mtu wa kaya hiyo. Kwa karani ana makao. Yeye mwenyewe anajua asubuhi ni lazima akunje mkeka kabla wenye nyumba hawajaamka.

Ukiitazama mipango hii yote pamoja, utaona kitu kimoja. Inamwona mwanamke akiwa mama wa mtoto, mke wa mtu, mwanafunzi au ajuza. Akiwa ni yeye tu, mtu mzima mwenye mwili wake na maradhi yake, haonekani. Hakuna aliyekaa ofisini akaamua kumwonea. Ila kipimo kilichochaguliwa ni kaya, na kaya kwa mawazo yetu ina mwanamume mbele au mtoto nyuma.

Tusiwanyooshee kidole Waluo

Msomaji wangu wa Pwani huenda anasema hayo ni mambo ya ziwani, mila za kurithi wajane, sisi hatuna. Nataka tujitazame kidogo.

Sisi sheria ya dini imetusaidia sana. Mjane wa Kiislamu ana fungu lake katika mirathi, thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Hakuna anayeweza kumrithi yeye mwenyewe kama kitu. Na Qur'ani, katika Suratut Talaq, imeamrisha wanawake walioachwa wasitolewe majumbani mwao katika eda. Lakini ni mara ngapi tumeona mwanamke anapewa talaka jioni na usiku huo huo anapanda boda boda na mfuko wa nguo? Thumni ya nyumba ya vyumba vitatu, wenye kuirithi kumi, inakuwa chumba gani? Anarudi kwa kaka. Wifi anamvumilia mwezi, miezi miwili, kisha maneno yanaanza. Mahakama ya Kadhi inaweza kuamuru apewe masurufu, lakini mpaka amri itekelezwe anahitaji pa kulala, na makao ya kumpokea mwanamke wa namna hiyo Pwani yanahesabika kwa vidole.

Na maji tunayo. Tana River, kutoka Garsen hadi kwenye delta, walihama mwaka 2018 na wakahama tena mvua za El Niño zilipokuja mwishoni mwa 2023. Waliokuwa katika kambi hizo ni Waislamu wenzetu, wengi wao, na orodha ziliandikwa kwa kaya vile vile.

Kuna hadithi katika Bukhari tunayopaswa kuisikia zaidi mimbarini. Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, anaeleza habari ya mwanamke mmoja mweusi, mjakazi aliyeachwa huru, aliyesingiziwa wizi na watu aliokuwa akiishi nao. Alipowatoka alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akasilimu. Hakuwa na mume wala jamaa wala nyumba. Akawekewa hema lake ndani ya msikiti wa Mtume, na akawa akienda kuzungumza na Bibi Aisha. Zingatieni mambo mawili. Alipewa pa kukaa yeye kama yeye, hakuambiwa kwanza atafute mume. Na alipata mtu wa kuzungumza naye. Leo tungeliita jambo la pili huduma ya kijamii.

Waliokuja baadaye walilielewa hilo. Mjini Cairo mwaka 1285 ilijengwa nyumba ya wakfu iliyojulikana kama Ribat al-Baghdadiyya, ya kuwahifadhi wanawake walioachwa au kutelekezwa, wakae kwa heshima mpaka waolewe tena au warudiane na waume zao. Hiyo ni zaidi ya miaka 700 iliyopita. Sisi Pwani tuna wakfu za misikiti, za visima, za makaburi, za madrasa. Ya mwanamke asiye na pa kwenda tumeiweka wapi?

Nini kifanyike

Najua hoja ya wanaosimamia misaada, na ina uzito. Kuhesabu kwa kaya ni haraka, kunapunguza udanganyifu, na misaada yenyewe haitoshi. Sisemi kaya ifutwe. Turubai, sufuria na unga vigawiwe kwa kaya. Lakini yale yanayogusa mwili wa mtu, yaani chandarua, blanketi, sodo, dawa na nafasi ya kulala, yaandikwe kwa mtu. Na kila mtu mzima aliyelala kambini peke yake aandikwe kuwa kaya ya mtu mmoja, asifichwe chini ya jina la jamaa. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji mstari mmoja zaidi katika daftari, na chifu aliyeelezwa mapema.

Pili, Kano inajulikana itafurika. Kaunti ya Kisumu isingoje maji ndipo itafute darasa. Pale Ahero kuna hospitali na kuna barabara kuu. Jengo moja la kudumu karibu na hospitali, lenye vyumba vinavyofungwa, taa za usiku, mlinzi wa kike na afisa mmoja wa ustawi wa jamii, lingewahudumia wanawake wa peke yao wakati wa mafuriko, na miezi mingine likawapokea wanaokimbia dhuluma, kama ilivyoahidiwa Paris. Wapo watakaosema kuwatenga wanawake hawa ni kuwatia alama. Ni hofu ya kweli. Dawa yake ni jengo hilo liwe sehemu ya huduma za hospitali, lisiandikwe mlangoni kwamba hawa ni wajane au waliofukuzwa.

Tatu, kila orodha ya kambi iende na muuguzi. Siku mbili za kwanza aulize kila mtu kwa faragha ni dawa gani ameiacha nyumbani, na ziletwe kambini. Malipo ya SHA ya mwaka mmoja kwa mwanamke aliyepoteza nyumba ni shilingi 3,600 kwa kiwango cha chini. Kaunti inaweza kuwalipia wanawake 100 kwa shilingi 360,000. Warsha moja ya hotelini ya kuzungumzia mafuriko huweza kumaliza fedha hizo.

Nne, bila pa kurudi, kambi haifungwi, inahamishiwa kwa jamaa tu. Machifu na wazee wa Kano wanaweza kukaa na kusema wazi kwamba mjane atajenga katika *dala* ya marehemu mumewe bila sharti la kurithiwa. Wazee wenyewe ndio wenye sauti hiyo, si sisi wa kutoka Mombasa.

Na sisi wa kutoka Mombasa tuna letu. Zaka ina wenyewe waliotajwa, lakini sadaka haina mpaka wa dini, na mama yule wa Ahero ni jirani yetu katika nchi. Zaidi ya hapo, kila mtaa wetu una nyumba ya wakfu yenye chumba kilichofungwa kikiwekewa mabusati na masufuria ya maulidi. Kamati za misikiti zianze na kimoja. Kitanda, kufuli, choo chenye taa, na dada mmoja mwenye subira wa kukaa na mgeni, kumpeleka hospitali na kwa kadhi. Tusiwaulize wanawake hawa wamekosa nini mpaka wakaachwa. Tuwaulize wamekula, na dawa zao ziko wapi.

Siku ile Ahero niliandika jina la yule mama katika daftari langu, kwa sababu alikuwa bado amesimama mbele yangu na sikuwa na jingine la kumpa. Aliniongoza herufi kwa herufi, akahakikisha nimeliandika sawasawa. Kisha akaniuliza, "Sasa hiyo unapeleka wapi?"

Nimeileta hapa.